Barua ya mwenyekiti na wajawazito wa machimboni

Mimi ni muuguzi mkunga wilayani Nzega, mkoani Tabora. Kila tunapokwenda na huduma za mkoba, yaani kliniki tunayoipeleka nje ya kituo, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, ninakutana na wanawake waliotoka Kigoma, Shinyanga, Singida na hata Burundi, wanaoponda mawe, kuosha marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa) mwaloni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, au kuwapikia wachimbaji, na ambao huhama mara rashi, yaani habari ya dhahabu mpya, inaposikika kwingine.

Mjamzito anapoanza kliniki huhimizwa aje na mwenza wake ili wapimwe Virusi vya UKIMWI pamoja. Hilo ni jambo jema, lakini limezaa desturi inayoniumiza: asiye na mwenza huambiwa akalete barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Ni mwenyekiti gani atakayemwandikia mtu aliyeingia juzi, analala chini ya turubai na hajulikani hata jina? Wengi hugeuka hapo hapo, na hatuwaoni tena mpaka uchungu umewashika. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwasamehe wajawazito gharama katika vituo vya serikali. Haifai sisi tuwafungie mlango kwa karatasi.

Nao wanaihitaji kliniki kuliko wengi. Dhahabu hunaswa kwa zebaki, kisha donge huchomwa ili zebaki ipae, na mvuke wake huingia mapafuni, hupita kondo la nyuma na kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Nilimkuta mjamzito akikamua zebaki kwa kitambaa, mikono mitupu, na mwanawe wa mgongoni akinyoosha mkono kwenye karai. Kadi yake ya kliniki, iliyofunguliwa Chunya, ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na fedha zake, ikiwa na hudhurio moja tu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini yeye hakuwa ameambiwa lolote.

Kwa dharura ya uzazi ipo namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, isiyo na malipo, ila machimbo mengine hayana mtandao. Huko huwa tunawauliza madereva wa bodaboda simu inashika wapi, kisha tunawaonyesha wanawake wote.

Ninawaomba wakunga wenzangu tusipange mkoba saa nne asubuhi, wakati wanawake wako kazini. Twende jioni, tukae jirani na mwalo, tupokee kadi ya mkoa wowote na kuendelea pale ilipoishia, bila kuuliza barua.