Siku moja kwenye mashimo ya majaribio, Uyui

Saa 12 asubuhi tunashusha sururu, machepe, miko ya waashi, ndoo na chekeche za matundu ya milimita 5. Hapa zitasimikwa paneli za umemejua, na nguzo zake zitapigiliwa ardhini, sisi waakiolojia tunatangulia kuangalia kama ardhini kuna mabaki ya kale. Kila shimo ni mita 1 kwa mita 1. Kamba ya ulalo, kona hadi kona, lazima isome sentimita 141, la sivyo shimo limepinda na mchoro hautafunga. Tunashuka sentimita 10 kwa 10, na kila safari hutoka ndoo sita au saba za lita 20, zote zichekechwe.

Saa 3 anafika mzee jirani. Mwangaluka, mwangaluka, kisha swali lile lile: "Wanangu, mali ya Mjerumani mmeifikia?" Huwezi kumlaumu, mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 hapa hapa Tabora. Ila Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vilivyotengenezwa kabla ya 1863, nasi tunatafuta vigae, mavi ya chuma (mabaki ya kuyeyusha chuma), mkaa, na zaidi ya vyote rangi ya udongo. Anachungulia ndoo yenye vigae viwili, anaguna, anakaa kivulini.

Sentimita 60 ndipo siku inapokwama. Doa jeusi, mviringo, upana wa sahani. Tundu la nguzo ya nyumba, mzizi uliooza, au mchwa? (Mchwa hawana adabu: hupandisha udongo wa chini juu na kuvuruga tabaka zote.) Halichotwi. Linakatwa nusu kwa mwiko, nusu ya pili inabaki imesimama ili ubavu wake usomeke. Tundu la nguzo lina kuta zilizonyooka na kitako. Mzizi hukonda na kupinda. Lakini jua la saa 6 limekausha kila kitu, rangi zimekuwa moja. Tunanyunyiza maji kwa bomba la mgongoni, jipya, lisilowahi kubeba dawa ya tumbaku. Tunafunika turubai, tunasubiri, tunakwangua tena. Msimamizi wa ujenzi anapiga simu mara ya tatu: "Yaani kashimo kamoja tu?" Kamoja hako hako. Mkaa wa kupimwa umri unachukuliwa kwa ncha ya mwiko hadi kwenye foili, kidole marufuku.

Doa linakonda, linapinda kushoto. Mzizi.

Baada ya hapo saa haiangaliwi. Picha, mchoro wa ukuta, sentimita 20 zaidi kuhakikisha chini hakuna kitu, kufukia. Shimo tupu nalo lina fomu yake, ijazwe yote.

Mzee anauliza kama kesho tunahamia upande wa mwembe.