Mwezi wa 31

Imepokelewa. Neno hilo nimeishi nalo miezi 31, tangu Desemba 2019 nilipolipa ada ya viza na kubonyeza kitufe cha mwisho. Kila ukiingia kwenye akaunti ya maombi linakukodolea macho: hali ya ombi, imepokelewa. Mwanzoni nililifungua mara nane, tisa kwa siku. Asubuhi moja mume wangu alinikuta bafuni, simu mkononi, maji yanamwagika bure, nasubiri ukurasa ufunguke. Hakusema kitu. Alifunga bomba, akatoka.

Naandika haya kwa sababu Alhamisi iliyopita neno limebadilika, na mimi sikuruka wala sikulia. Nilimaliza kwanza kukunja nguo. Nitafika huko.

Niseme kazi yangu, maana bila hiyo hutanielewa. Mimi ni mkadiriaji majenzi. Nahesabu nondo, mifuko ya saruji, mita za ujazo za kifusi, na zaidi ya vyote nahesabu siku. Kwenye ujenzi siku haipotei hivi hivi. Mkandarasi akichelewa kwa uzembe wake, anakatwa fedha kwa kila siku. Akicheleweshwa na mwenye mradi, anaongezewa muda, na mara nyingi analipwa pia. Hata mvua iliyopita kawaida ina kifungu chake. Katika mkataba wa 1999 wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kile kitabu chekundu ambacho wengi wetu tumekikariri kama dua, mkandarasi anayedai ana siku 28 za kutoa taarifa tangu alipojua kuna tatizo. Zikipita, haki imempotea. Maana yake kila siku iliyopotea ina mwenyewe. Kuna mtu ataibeba.

Sasa mtu aliyezoea hivyo umpe ombi la viza lisilo na tarehe ya kukamilika.

Letu ni la Australia, viza ya wenye ujuzi namba 189, ambayo haihitaji mwajiri wala jimbo la kukudhamini. Unashindana kwa alama. Chini ya 65 huwezi kualikwa kabisa, na mwaka ule wenye 65 walikuwa wanasubiri mwaliko usiokuja. Mimi nilikuwa na miaka 32, hizo ni alama 30 za umri. Kiingereza 20, shahada 15, miaka minane kazini 15, na tano za mume wangu. Jumla 85. Nilikuwa nakimbizana na siku yangu ya kuzaliwa, kwani ukitimiza 33 kabla ya mwaliko alama tano zinayeyuka. Mwaliko ukaingia Oktoba, majuma matatu kabla. Tukapewa siku 60 za kuwasilisha ombi, tukatumia karibu zote kukusanya karatasi.

Umri wangu wa kwenye mafaili yao ulisimama siku ile ya mwaliko. Huu mwingine haukusimama. Nina 35.

Tarehe 20 Machi 2020 Australia ikafunga mipaka kwa wasio raia na wasio wakazi wake. Hilo sikulilalamikia, dunia nzima ilikuwa imejifungia ndani. Kilichoniuma kilikuja Septemba: orodha ya kazi 17 za kipaumbele. Wauguzi wamo, madaktari wamo, wahandisi wa mitambo wamo, waandika programu wamo. Mwaka uliofuata ikarefushwa hadi kazi 44, nikaisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kana kwamba neno lingeweza kuwa limejificha. Wakadiriaji majenzi hatumo.

Rafiki yangu muuguzi aliwasilisha ombi lake muda mrefu baada ya mimi. Siku alipopata viza hakuniandikia ujumbe, alipiga. Alianza na mambo ya kazini, akapitia hali ya hewa, akauliza afya ya mama, hadi nikamkata: "Shoga, umepata?" Kimya. Halafu, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa: "Nimepata." Nilimpongeza, na nilimaanisha. Kisha nikaenda kulala saa kumi na mbili jioni.

Usiku ndio ulikuwa mbaya. Usiku mtu anasoma vitu ambavyo mchana angevipita. Ndivyo nilivyojua kwamba Februari 2010 waziri wa uhamiaji wa Australia, Chris Evans, alitangaza kufuta maombi ya wenye ujuzi yaliyowasilishwa kutoka nje ya nchi kabla ya Septemba 2007. Watu wapatao 20,000, warudishiwe ada zao, basi. Kanada nayo mwaka 2012 ilipitisha sheria iliyofunga mafaili ya watu wapatao 280,000 waliokuwa wameomba kabla ya tarehe 27 Februari 2008. Wengine walikuwa wameweka maisha kando miaka minne, mitano, sita. Wakarudishiwa ada. Nilihesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu: ukimrudishia mtu ada, miaka umeilipa kwa kiasi gani?

Na kuna zile takwimu za muda wa kushughulikia maombi. Wakati ule zilikuwa zinasema robo tatu ya maombi yamekamilika ndani ya miezi kadhaa, na tisa katika kumi ndani ya miezi kadhaa zaidi. Nilizifuatilia kila mwezi kabla sijang'amua kilicho wazi: zinahesabu maombi yaliyokwisha kuamuliwa. Sisi tunaosubiri hatumo. Ni sawa na kunitaka nikadirie muda wa kujenga nyumba kwa kutazama zile tu zilizokwisha kuezekwa, huku mtaa mzima umejaa misingi iliyoota nyasi. Mtu akiniletea makadirio ya namna hiyo ofisini namrudishia.

Watu wananiambia subira yavuta heri. Wameniambia sana, mpaka nikaanza kujiuliza hiyo kamba ina urefu gani. Mama mkwe, Mungu amweke, ndiye aliyenipa nafuu bila kujua. Alikuwa akiuliza kila Jumapili, "Mwanangu, safari lini?" Jumapili moja akasahau kuuliza. Nikashtuka kuona nimesononeka kwamba hakuuliza.

Lakini nataka kusema kuhusu sofa.

Sofa yetu ilivunjika mguu Februari 2020. Hatukuitengeneza, kwani kwa nini utengeneze kitu utakachokiuza baada ya miezi miwili? Tukaweka vitabu viwili vya maandalizi ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, pale penye mguu. Havikuwa na unene wa kutosha. Ukikaa upande ule unaegemea kushoto, chai inaegemea, mazungumzo yanaegemea. Wageni tuliwaelekeza upande wa kulia kama mahakamani. Aprili 2021 mume wangu, bila kunishauri, akamleta seremala. Yule bwana aliinua sofa, akapima, akaranda, akapiga misumari minne, akaiketisha chini. Dakika ishirini. Nilizihesabu. Tulikuwa tumeishi upande miezi 14 kwa kazi ya dakika ishirini.

Nilikaa juu yake nikiwa wima na nikapata hasira ambayo sijawahi kuipata kwa idara yoyote.

Ukipanga ratiba ya mradi, kuna kazi zenye nafasi ya kuchelewa na kuna zisizo nayo. Kupaka rangi ukuta wa uzio kunaweza kusubiri wiki mbili na jengo lisijue. Zege la msingi likichelewa siku moja, jengo zima limechelewa siku moja. Ule mnyororo wa kazi zisizo na nafasi ndio unaoamua tarehe ya kukabidhi funguo, na mpangaji mwenye akili hawezi kuweka ndani yake kitu asichokuwa na mamlaka nacho, kama ana njia nyingine. Mimi nilikuwa nimeichukua viza nikaimwaga pale chini, kwenye msingi, kisha nikapanga kila kitu juu yake. Sofa, tukifika. Kusoma zaidi, tukifika. Mei 2020 niliombwa kusimamia gharama za jengo moja la ghorofa tisa, nikakataa kwa kuwa lingechukua miezi 18 nami ningekuwa nimeshaondoka. Jengo limekwisha. Lina wapangaji. Nalipita kila siku nikienda kazini, na kwenye ghorofa ya tatu kuna mtu amepanga maua dirishani.

Hizo siku za kucheleweshwa nilikuwa naziandika kwa jina la wengine. Ile ya idara ni ya idara, naam, na sitaisamehe haraka. Lakini ya sofa ilikuwa yangu. Ya jengo, yangu.

Jioni ile ya seremala tulizungumza kuhusu mtoto. Yeye pia alikuwa kwenye orodha ya tukifika. Nilikuwa na hoja zangu: tutavuruga ombi, tutaonekana tumebadilisha mambo, tutarudishwa nyuma ya foleni. Mume wangu akauliza, "Umesoma wapi hayo?" Sikuwa nimesoma popote, nilikuwa nimeyatunga. Tukatafuta. Kanuni zao zinasema mtoto anayezaliwa baada ya ombi kuwasilishwa na kabla halijaamuliwa anahesabiwa kuwa ndani ya ombi hilo. Unajaza fomu namba 1022 ya kutaarifu mabadiliko, unaambatanisha cheti cha kuzaliwa. Kumbe waliotunga kanuni walishajua kwamba watu huzaa wakisubiri.

Nilipokuwa na mimba ya miezi saba nilijikuta naomba wasituite. Kipimo cha afya kina eksirei ya kifua, na mjamzito anaweza kuiahirisha mpaka ajifungue, na ombi linasubiri. Wangetuita wakati ule, kuchelewa kungetoka kwetu. Wazo hilo lilinichekesha peke yangu gizani, kitandani, tumbo likitikisika, mtoto akinipiga teke kwa usumbufu.

Sitaki mtu aelewe kwamba tangu hapo nilitulia kama maji ya mtungi. Desemba 2021 waliporuhusu wenye viza za ujuzi kuingia tena, nilirudi kwenye tabia ya kufungua akaunti kila saa, mimba na yote. Mume wangu akabadilisha nywila, kwa ombi langu mwenyewe, akawa anafungua yeye Ijumaa jioni na kuniambia "bado" huku akimenya vitunguu. Hiyo "bado" ya mtu ninayempenda ilikuwa nyepesi kuliko "imepokelewa" ya skrini. Jambo jingine lililosaidia ni daftari. Nilichora jedwali kama lile ninalotumia kufuatilia dhamana za benki za wakandarasi: pasipoti inaisha lini, kipimo cha afya lini, cheti cha polisi lini. Kipimo tulichofanya Januari 2020 kilidumu mwaka, kikafa bila kutumika. Vyeti vya polisi vikafa mwezi uliofuata. Mimi kwa kiherehere nikavihuisha vya polisi bila kuombwa, navyo vikafa Februari mwaka huu. Kwenye daftari nimeandika kwa kalamu nyekundu: USIHUISHE MPAKA WAITE. Ndilo somo la kiufundi pekee nililonalo kwa mtu aliye kwenye foleni hii.

Mtoto wetu alizaliwa Januari. Fomu 1022 niliijaza kwa mkono mmoja.

Alhamisi, sasa. Barua pepe iliingia alfajiri, niliiona saa nne nikikunja nepi. Wanaomba taarifa zaidi: vipimo vya afya vya watu watatu, vyeti vipya vya polisi vya wawili, pasipoti ya mtoto. Na muda wa kujibu, soma mwenyewe: siku 28. Wao miezi 31, mimi siku 28, kama mkandarasi yeyote. Nilicheka mpaka nepi zikaanguka. Halafu nikaziokota, nikazikunja tena, nikampigia mume wangu.

"Wameita," nikamwambia.

"Wameita nani?"

"Sisi."

Akanyamaza kidogo. "Yule mdogo hana pasipoti," akasema.

Ndiyo kazi iliyotushinda mwisho wa juma hili. Picha ya pasipoti inataka uso utazame mbele, macho wazi, mdomo umefungwa, nyuma peupe, na mkono wa mtu usionekane. Mwenye uso ana miezi sita. Tumetandika shuka jeupe juu ya sofa, tumemlaza chali, baba yake amesimama juu yake na simu, mimi nimechuchumaa nyuma nikitikisa funguo. Picha ya kwanza amefumba macho. Ya nne ana ngumi nzima mdomoni. Ya kumi na moja ilikuwa nzuri kabisa, isipokuwa alikuwa anapiga chafya. Ya kumi na tisa anatazama mbele, mdomo umefungwa, mwanga sawasawa, na kwenye pembe ya shuka kuna kidole gumba changu.

Tulizifuta zote isipokuwa ile ya chafya.

Zimebaki siku 24. Baba yake anasema mwanga wa dirisha lile ni mzuri zaidi saa tatu asubuhi, akiwa ameshanyonya. Kesho tutajaribu tena, na zamu hii yeye ndiye atashika funguo.