Kiatu kimebaki kwenye theluji

Jamani ndo nimerudi sasa hivi, naandika nimejifunika blanketi, vidole vya miguu bado sivisikii vizuri.

Leo zilikuwa zile mbio za nyika za Krismasi, kilomita 5, nikajiambia aah hizi si nusu saa tu. Thubutu! Theluji imeshuka usiku kucha, asubuhi iko magotini, njia haionekani, vibendera tu ndo vimechomoza.

Wa mbele ndo anachimba njia, sisi wa nyuma tunakanyaga mashimo ya nyayo zake, shida jamaa ana miguu mirefu kama twiga kwa hiyo kila hatua mi naruka kama chura 😂

Sasa kwenye kale kamlima mguu ukachomoka, kiatu kikabaki chini.

Nikapiga magoti nachimba kwa mikono, soksi imelowa chapachapa, pumzi inaganda kwenye kope, mara mama mmoja wa makamo ananipita taratibu, “pole mwanangu, kamba funga mara mbili!” wala hakusimama.

Dakika 58. Kiatu ninacho.

Nyie mnaokimbia kwenye theluji, viatu mnafungaje?