Nilivyopunguza mkaa kwenye tanuri langu la alumini

Mwaka jana nilipima mkaa kwa mara ya kwanza tangu nianze kusubu masufuria hapa Kizota, Dodoma, na jibu liliniuma. Kilo 30 za alumini chakavu zilikula kilo 28 za mkaa. Na mkaa wenyewe ni migunga ya huku huku kwetu, ile tuliyokuwa tukichungia mbuzi kivulini mwake.

Aliyenisukuma kupima ni mpwa wangu, anasoma Chuo cha Madini. Alikuja likizo na daftari la somo la ferokromu, ile aloi ya chuma na kromu inayotiwa kwenye vyuma visivyoshika kutu. "Mjomba, tani moja tu inakula umeme zaidi ya yuniti 3,000," akaniambia. Tanuri la ferokromu hufika nyuzi 1,700 hivi, na koki (makaa ya mawe yaliyookwa) inayotiwa humo haitafutiwi joto: kaboni yake ndiyo inayoyanyang'anya mawe ya kromu oksijeni. Kaboni na oksijeni zikiungana huwa gesi, kwa hiyo gesi itatoka tu, hata umeme ukiwa wa maporomoko ya maji.

Hapo ndipo nilipoona aibu ya tanuri langu. Alumini ninayoyeyusha ilishatenganishwa na oksijeni yake zamani, huko kiwandani ilikozaliwa. Kwangu inadai joto tu, nyuzi 660. Tukakaa na kalamu: joto la kilo moja ya mkaa mkavu, kama lingeingia lote kwenye chungu, lingeyeyusha zaidi ya kilo 25. Mimi nilikuwa naambulia kilo moja na kidogo. Na kila kilo ya mkaa inayoungua hutoa karibu kilo 3 za hewa ya ukaa, bado hujahesabu miti iliyopotelea kwenye tanuri la mchoma mkaa.

Akanisomea pia habari za kiwanda cha Tornio, Finland. Gesi inayotoka kwenye tanuri la ferokromu kule hawaiachi iende zake. Huichoma ipashe mawe moto kabla hayajaingia. Hilo nikalishika.

Tanuri langu lilikuwa pipa lililokatwa, wazi juu, na feni inayopuliza bila kipimo. Nililijaza ndani ukuta wa udongo wa kichuguu uliochanganywa na pumba za mpunga, unene wa kiganja. Pumba zikiungua huacha vitundu, na vitundu hivyo ndivyo vinavyozuia joto lisitoroke. Kisha nikatengeneza mfuniko wa udongo huo huo, wenye tundu katikati, na juu yake kikapu cha nondo cha kuwekea chakavu.

Mfuniko wa kwanza ulipasuka vipande vitatu kwa sababu niliuwashia moto siku ya pili. Wa pili niliuacha kivulini wiki mbili, nikaupasha kidogo kidogo kwa siku mbili, na ndio ninaoutumia mpaka leo.

Kikapu kimenipa na jambo ambalo sikulitafuta: usalama. Chakavu chenye unyevu kikitumbukia kwenye alumini iliyoyeyuka, maji hugeuka mvuke papo hapo na uji wa moto huruka usoni. Nina kovu shingoni. Sasa kila kipande hukauka juu ya tundu kabla ya kuingia, na vilivyozibika pande zote navipasua kwanza. Makopo yenye rangi siyaweki kikapuni, yanafuka moshi mbaya sana.

Feni nayo nimeiwekea kibati cha kupunguza upepo. Alumini ikishaiva, kuendelea kupuliza ni kuzidisha povu la juu na kupoteza mali.

Leo kilo 30 zinaniyeyukia kwa kilo 13 za mkaa, nimepima mara sita. Inapofika Julai na upepo wake zinapanda hadi 16, kwa hiyo nimeanza kujenga ukuta wa tofali upande wa mashariki. Umefika kiunoni.