Siku moja maishani mwangu: nawasaidia watu wa mauzo wasisahau walichosema wateja

Saa 1:30 asubuhi. Natuma meseji kwa kila mtu wa timu: "jana mteja wako alisema nini kikubwa?" Simtumii muhtasari kwanza, nauliza, akishajibu ndo namtumia notisi alinganishe mwenyewe. Jambo ulilolitafuta kichwani mwako linakaa kuliko ulilosomewa, watafiti wamelipima hilo na mimi naliona kila wiki.

Saa 3. Kikao na mteja, mimi nipo pembeni kimya. Ameruhusu turekodi, bila ruhusa yake hatuwashi kitu, lakini rekodi ya saa nzima nani atarudi kuisikiliza yote? Kwahiyo nina daftari, ukurasa nimeugawa safu nne: anasumbuliwa na nini, nani anaamua, tumeahidi nini, lini. Katikati ya maongezi ya bei mteja akasema kama anajisemea tu, "mwezi ujao mhasibu wetu anaondoka". Nikapigia mstari mara mbili.

Saa 4:10. Kimeisha, na hapa ndo kazi yangu ilipo. Hakuna kushika simu wala kukimbilia kikao kingine, laptopu zifungwe, kila mtu aandike mambo matatu anayokumbuka. Watu watatu, orodha tatu tofauti! Mmoja kaandika punguzo ni asilimia 10, mwingine 12, tukarudi kwenye rekodi kumbe ni 10, na aliyeandika 12 ndiye aliyeitamka ile ahadi kwa mdomo wake. Mhasibu hakuna aliyemtaja. Nilipowasomea ule mstari dada anayemshughulikia huyo mteja akashtuka, "kumbe ndo maana anataka tusaini haraka!"

Na hapo ni dakika 10 tu zimepita jamani. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana akachapisha matokeo 1885, aliangalia muda anaouokoa akijifunza upya silabi zilezile alizokwisha kukariri, na baada ya saa moja muda aliouokoa ulikuwa chini ya nusu ya ule wa mwanzo, baada ya siku moja kama theluthi. Maneno ya mteja yana maana kwahiyo yanashika zaidi ya silabi, ila kinachopotea kinapotea mapema, ndo maana sikubali tusubiri ripoti ya Ijumaa.

Saa 8 mchana naingiza kwenye mfumo wa wateja, mistari mitano basi, kila ahadi na jina la mwenye nayo.

Saa 10 jioni napanga vikumbusho: kesho, siku ya tatu, wiki ijayo, na asubuhi ya kikao kinachofuata. Kila kimoja ni swali.

Saa 11 kasoro yule dada kampigia mteja, kamuuliza akiondoka mhasibu malipo yatapita kwa nani. Mteja akanyamaza kidogo, akasema "hata huku ndani hatujakaa kulijadili, nitakupa jibu Alhamisi". Nimeiweka Alhamisi kwenye meseji ya asubuhi.