Mkono wa Dawa na Mkono wa Mtoto

Mwaka 2021, baada ya daktari wa mifupa kuusafisha muundi wangu katika chumba cha upasuaji na kutoa vipande vya mfupa vilivyokwisha kufa, niliambiwa kwamba ningehitaji dawa ya mshipa kwa muda wa wiki sita. Chanzo kilikuwa ajali ya bodaboda ya miezi kadhaa nyuma, ambapo mfupa ulivunjika na kutoboa ngozi. Kidonda kilijifunga kwa juu, lakini usaha ulibaki ukifanya kazi yake ndani, na maabara ilipouotesha ilikuta bakteria aina ya stafilokokasi. Daktari alinieleza kwa subira kwamba mfupa ulioambukizwa hupata damu kidogo, na kwa kuwa dawa husafiri kwa damu, kozi fupi inayotosha kutibu kichomi haiwezi kutosha huko. Dawa ingekuwa seftriaksoni, antibiotiki ya kuua bakteria, gramu 2, mara moja kwa siku. Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu kuliko nyingi za jamii yake, na ni kwa sababu hiyo ilionekana kwamba naweza kutibiwa nyumbani badala ya kulazwa wodini muda wote huo, hasa kwa vile wifi yangu ni muuguzi na alikuwa tayari kuja kunihudumia kila jioni.

Kabla ya kuruhusiwa niliulizwa maswali mazuri. Je, nyumbani kuna maji ya bomba? Kuna taa ya akiba umeme ukikatika? Nikipata homa usiku nitafikaje hospitali? Nilijibu yote, na majibu yakaandikwa. Hakuna aliyeuliza ni nani atakayempakata mtoto wakati dripu inashuka, ingawa binti yangu, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili na bado ananyonya, alikuwa ameketi mapajani mwangu mazungumzo hayo yote yakiendelea.

Tuliishi Ngamiani, hapa Tanga, katika nyumba ya wakwe zangu, na mume wangu alikuwa kazini Mtwara. Wifi alifika kila siku baada ya swala ya alasiri, akitokea kazini kwake, ameifunga mizigo ya dawa nyuma ya baiskeli. Alinawa mikono kwa sabuni, akatandika kitambaa safi juu ya meza, kisha akasoma boksi la dawa tangu mwanzo hadi mwisho kana kwamba hajawahi kuliona. Nilipomuuliza sababu, alinionyesha kwamba baadhi ya maboksi ya dawa hiyo huuzwa pamoja na kichupa cha lidokeini, ambayo ni ganzi iliyokusudiwa kwa sindano ya msuli, na kwamba dawa iliyochanganywa kwa ganzi hiyo haiingizwi kamwe katika mshipa. Vilevile hakukubali dawa ile ikutane na dripu ya Ringa, aina nyingine ya maji ya mshipa, kwa kuwa ina madini ya kalisi, ambayo hugandana na seftriaksoni. Naeleza haya kwa sababu watu wengi mitaani kwetu huchomwa sindano nyumbani na mtu yeyote anayejua kushika bomba la sindano, na ningependa wajue kwamba kazi ile inahitaji macho ya aina hii.

Unga wa dawa uliyeyushwa kwa maji ya sindano, ukatiwa katika mililita 100 za maji ya chumvi, na chupa ikatundikwa kwenye nondo ya dirisha. Wifi alihesabu matone kwa saa yake ya mkononi, yapate 67 hivi kwa dakika, ili dozi iishe katika nusu saa. Dawa ilitaka nusu saa ya utulivu, na mtoto hakuwa na nusu saa ya utulivu ya kumpa mtu yeyote jioni ile, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo usingizi wa mchana umekwisha, njaa imeanza, na mama ndiye anayetakiwa.

Kwa hiyo niliigawa mikono yangu. Wa kushoto, wenye kanyula, yaani kimpira chembamba kinachoachwa ndani ya mshipa ili dawa ipite, ukawa mkono wa dawa, na wa kulia ukawa mkono wa mtoto. Kwa mkono wa kulia nilimlisha uji, nilimnyonyesha, nilimfuta pua na kumzuia asivute mpira wa dripu, ambao ulimvutia kuliko mwanasesere wake yeyote. Wakati wa kuoga niliufunika mkono wa dawa kwa mfuko wa mkate, kwa sababu ile mifuko ya plastiki ya dukani ilikwisha kupigwa marufuku tangu Juni 2019. Sindano zilizotumika ziliingia katika boksi la njano la zahanati, lililowekwa juu ya kabati ambako hata mimi nililifikia kwa shida.

Mama mkwe wangu aliitazama hali hii kwa siku kadhaa bila kusema neno. Kisha akaniita uani, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mguu huu hautapona ukiendelea kubeba. Nitampeleka mtoto Pangani kwa shangazi yake, umwachishe kabisa, maana dawa hii kali anainyonya na yeye." Nilimjibu kwamba daktari alisema dawa inayopita katika maziwa ni kidogo mno na ninaweza kunyonyesha, mradi nimwangalie mtoto asije akaharisha. Alinisikiliza, lakini nguo za binti yangu zilikunjwa na kutiwa katika begi jioni ile ile, na safari ikapangwa iwe Jumamosi asubuhi. Sikuwa na hoja ya kumshinda, maana kila alichokisema kuhusu uchovu wangu kilikuwa kweli. Nililia usiku ule, na sioni haya kulisema.

Ijumaa ilinyesha mvua ya masika tangu adhuhuri. Wifi alifika amelowa, akiwa amezifunga dawa ndani ya mifuko miwili, na umeme ukakatika muda mfupi baada ya dripu kuanza kushuka. Tuliwasha taa ya akiba. Binti yangu aliamka kwa ngurumo, akaja mbio na kunirukia, na wakati nampokea nilihisi baridi ikitambaa chini ya ngozi juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, kisha maumivu ya kubana. Nilikuwa nimefundishwa maana yake: dawa ilikuwa inatoka nje ya mshipa. Nilifunga dripu kwa kidole gumba, nikamwita wifi, naye akaung'oa mpira, akaikandamiza pamba na kuuinua mkono. Palikuwa pamevimba kiasi cha yai.

Mkono wa kushoto ulikuwa umechoka. Wifi aliutafuta mshipa kwa vidole kwa muda mrefu, akaufunga na kuufungua ule mpira wa kubana, kisha akasema polepole, "Wifi, huku hakuna tena. Inabidi tuingie kulia." Kulia kulikuwa kwa mtoto. Mtoto naye alikuwa analia kwa sauti iliyoishinda mvua, ameng'ang'ania shingo yangu, na hakuna mtu anayeweza kuingizwa kanyula katika hali ile.

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nilitarajia amchukue mtoto na kumpeleka chumba kingine, na nadhani hata yeye alikuja kwa nia hiyo. Badala yake aliketi mkekani ubavuni kwangu, upande wa kushoto, akampakata mjukuu wake mapajani mwake, akamsogeza kifuani kwangu na kuniambia, "Mnyonyeshe. Uzito wake nimeubeba mimi." Mtoto alinyamaza. Nikaunyosha mkono wa kulia upande wa pili, wifi akachagua kanyula ndogo, ile ya buluu, akaingia mara moja, akapitisha maji ya chumvi kuhakikisha njia iko wazi na hapavimbi, na dozi iliyobaki ikashuka hadi mwisho huku sisi wanne tumekaa pale katika mwanga wa taa ile ndogo. Bibi hakubadilisha mkao wake hata miguu ilipomfa ganzi.

Dripu ilipokwisha alisema, kama mtu anayezungumzia mchele, kwamba Pangani hakuendeki kwa mvua hii. Asubuhi jua lilikuwa kali na barabara ilipitika, lakini alikwisha kuzirudisha nguo kabatini.

Wiki iliyofuata, nilipokwenda kliniki kupimwa damu, tulikwenda pamoja. Yeye ndiye aliyemweleza daktari kwamba saa ya alasiri ilichaguliwa kwa kufuata zamu ya muuguzi, na kwamba mtoto hulala saa mbili usiku. Daktari aliuliza maswali mawili matatu, akasema hapana ubaya dozi ikisogezwa, akasahihisha saa katika cheti. Wifi alikubali kuja baada ya isha, kwa kuwa anakaa barabara ya pili tu kutoka kwetu. Dozi zilizobaki zilishuka mtoto akiwa amelala, na usiku alipoamka kabla ya wakati, bibi aliketi tena upande usio na sindano.