Kamera ya kayaki haichaguliwi kwa megapikseli

Kila niliyemuuliza kuhusu kamera ya kubeba kwenye kayaki alianza na megapikseli, yaani wingi wa nukta zinazounda picha. Hakuna hata mmoja aliyetaka kujua nitaishikaje kamera nikiwa na kasia mkononi, vidole vimelowa na wimbi linanijia ubavuni. Ushauri wao ulinila hela na asubuhi nyingi nzuri, ndiyo maana nawaandikia wenzangu mnaotoka na kayaki hapa Kigoma.

Yangu ni ya plastiki, ile ya kukalia juu. Maji huchuruzika kutoka kwenye kasia hadi mapajani hata ziwa likiwa shwari, na kuanzia Mei upepo wa kusini ukishika kasi hakuna kinachobaki kikavu. Kwa hiyo kamera iwe ya kuzama, siyo ya kuvumilia manyunyu. Hapo ndipo wauzaji wanapotuzungusha. Mmoja wa Dar aliniapia kwamba kamera kubwa aliyonishikisha haiingii maji kabisa. Nilipoomba kijitabu chake, kilisema inahimili manyunyu tu. Nikamrudishia. Tafuta kina kilichoandikwa kwa mita, na usipokiona, hiyo ni kamera ya nchi kavu. Hata simu zenye IP68, alama ya kuhimili kuzama, hupimwa kwenye maji yaliyotulia, siyo ya kupiga mawimbi.

Mpiga picha mmoja wa mjini, mtu ninayemheshimu, alisisitiza kwamba simu ndani ya ule mfuko angavu wa kuning'iniza shingoni inatosha. Elfu kumi na kitu. Niliupima ipasavyo: nikaweka tishu ndani, nikauzamisha kwenye ndoo na jiwe juu yake usiku kucha, asubuhi tishu kavu. Basi nikatoka Kibirizi alfajiri, mitumbwi ya dagaa inarudi. Mmoja ukanipita karibu kabisa, vijana wanakunja nyavu, dagaa wanameta miguuni mwao, na mmoja akaniita, "Dada, tupige basi!" Nagusa kioo, hakisikii. Matone juu ya plastiki yanajibonyeza yenyewe, mara kamera ikageukia uso wangu. Nikakumbuka kwamba kitufe cha sauti nacho hupiga picha, nikakibana kupitia plastiki, kikakubali. Furaha iliyoje! Nilipofika nyumbani nikakuta picha zote nyeupe kama uji. Hewa yenye unyevu niliyoifungia ndani ilipopozwa na maji ya ziwa iligeuka ukungu mbele ya lenzi. Nilirudia na vile vipakiti vya silika, vya kunyonya unyevu, vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukungu ukapungua, kioo kikaendelea na ukaidi wake.

Rafiki anayeongoza watalii Gombe aliniazima GoPro, ile kamera ndogo ya video. Kwa video sina neno nayo, na inahimili mita 10 bila kasha. Ila lenzi yake ni pana mno: mtumbwi ulio mbele kidogo tu unatoka mdogo hadi huwezi kuhesabu waliomo.

Niliyoichagua ni Olympus Tough TG-6, toleo la 2019. Niliipata Kariakoo ikiwa imeshatumika, laki tisa na ushee, pamoja na kuletewa kwa basi. Megapikseli zake ni 12 na yule mpiga picha alinisikitikia. Picha nilizochapa kwa ukubwa wa A3 zimetundikwa sebuleni, na hajaona kasoro. Inazama mita 15. Lenzi haichomozi inapovuta picha karibu, kila kitu kinasogea ndani. Vitufe ni vya kubonyeza kweli, mkono mmoja unatosha. Isipovutwa, lenzi inafunguka hadi f/2.0, yaani tundu pana linaloingiza mwanga mwingi, na huku hilo ni jambo kubwa, kwa sababu jua letu linachomoza nyuma ya vilima na ufuko unabaki kivulini huku dagaa wanashushwa. Jioni ndipo mambo hugeuka: jua linaelekea Kongo, wewe uliye majini umelipa mgongo, na ufuko wa Katonga wote unang'aa mbele yako. Inavuta mara nne tu, kwa hiyo ndege wa mbali wasahau.

Ikidondoka, inazama, na Tanganyika ina kina cha kama mita 1,470. Kwa hili najivunia. Nilichukua kandambili iliyokatika, nikakata vipande vya kisigino, nikavitoboa kwa msumari wa moto na kuvipitisha kwenye kamba ya nyavu. Kamera ni robo kilo hivi, lakini majini inapungua uzito sana. Kwa kipande kimoja ilizama polepole. Kwa viwili ikasita katikati ya beseni, haijui iende wapi. Kwa vitatu ikapanda! Nikaenda kuhakikisha ziwani, maji ya kiunoni, nikaiachia makusudi tena na tena, ikawa inarudi juu. Tumieni kandambili nyekundu; ya bluu haionekani majini.

Mlango wa betri una mpira mwembamba, na unywele mmoja au chembe ya mchanga inatosha kupitisha maji. Mimi huufungua nyumbani tu, kwenye meza iliyofutwa. Tone likikaa kwenye kioo cha lenzi, usilifute kwa shati lililolowa: lamba kioo, kichovye ziwani, maji yatatandaa badala ya kuganda matone. Kamera hii hairuhusu mtu kupanga mwenyewe kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, kwa hiyo mimi huweka ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwenye 400 au 800 ili kasi ipande na kutikisika kwa kayaki kusiharibu picha. Na kwa nyuso zetu mbele ya maji yanayong'aa, ongeza mwanga wa picha kwenye mipangilio ya kamera hadi +0.7, la sivyo watu wanatoka vivuli. Bandarini uliza kwanza kabla ya kuielekeza.

Sasa natafuta adapta ya TG-6, ile pete ya kufungia filta ya kupunguza mng'ao wa maji, nipate samaki wa kwenye miamba nikiwa nimekaa juu. Kariakoo wameniambia nisubiri mzigo.